Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa: Somo la Ushahidi kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha karatasi ya fasihi analijua jibu hili. Swali limemtaka mtahiniwa aeleze sifa za mhusika. Mtahiniwa ameandika: ni katili, ni mnafiki, ana tamaa. Sifa zimepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni, lakini chini ya kila moja hakuna kitu. Hakuna tendo lililotajwa, hakuna kauli, hakuna mahali katika kitabu ambapo msomaji anaweza kwenda kuhakikisha. Huenda sifa zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, mtahini hawezi kumtuza alama kamili kwa sababu dai lisilo na ushahidi halina tofauti na uvumi.

Katika makala haya ninakusudia kueleza maisha na kazi za mwandishi ambaye, kwa maoni yangu, anaweza kutusaidia kulitibu tatizo hili. Huyu ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtunzi wa riwaya za Bwana Msa na mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba Abdulla hakuchukua tu burudani ya Wazungu na kuivisha kanzu. Aliuweka upelelezi katikati ya jamii ambayo tayari ilikuwa na maelezo yake ya kila msiba, yaani mizimu, wachawi na maneno ya jirani. Kisha akamtuma mhusika mmoja apite humo akiuliza, “Umejuaje?” Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa uhakiki wa fasihi, na kama nitakavyoeleza, linahitajika hata nje ya darasa.

Maisha ya Mwandishi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo yake aliajiriwa katika idara ya afya kama mkaguzi, kazi ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la bwana afya. Aliifanya kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Aidha, aliwahi kuwa mhariri msaidizi wa magazeti ya Al Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Mnamo 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, naye alidumu hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Msomaji makini atagundua kwamba kazi zote mbili ni za uchunguzi. Bwana afya huingia nyua za watu, hukagua visima, vyoo na majaa. Hatosheki na kile anachoonyeshwa na mwenye nyumba. Hutazama pia kile kilichofunikwa. Mwandishi wa habari naye hufundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Mtu aliyepitia kazi hizi mbili alikuwa na maandalizi mazuri ya kumuumba mpelelezi.

Ulinganisho na mwandishi mwingine unasaidia hapa. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Alipokuwa akisoma udaktari mjini Edinburgh alifundishwa na Joseph Bell, mwalimu aliyesifika kwa uwezo wa kumtazama mgonjwa na kueleza kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Doyle alikiri kwamba Holmes anatokana na mwalimu huyo. Daktari Uingereza, bwana afya Unguja: wote wawili walizoea kusoma dalili.

Kazi Zake

Riwaya ya kwanza ya Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililokuwa na makao yake Nairobi. Ilichapishwa mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Ni muhimu mtahiniwa azingatie miaka hii. Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili kulitokea Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na muungano na Tanganyika mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Wasomaji walioanza na Bwana Msa chini ya ukoloni na usultani walikutana naye tena katika nchi tofauti kabisa. Mwandishi aliyedumu na mhusika mmoja katika kipindi kama hicho hakuwa akiandika kwa bahati tu. Alikuwa na jambo aliloliamini.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1960 riwaya ya Kiswahili ilikuwa bado changa. Wanafunzi wa miaka ya nyuma walikuwa wamesoma tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kazi za Shaaban Robert, ambazo nyingi ziliegemea mawaidha na dunia ya kufikirika. Abdulla alileta Unguja ya siku zake, yenye mashamba, nyumba na mazungumzo ya watu wa kawaida. Baada yake Zanzibar ilitoa waandishi wakubwa wa nathari: Mohammed Suleiman Mohammed na Kiu (1972), Shafi Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), Said Ahmed Mohamed na Utengano (1980). Hawa hawakuandika upelelezi, lakini walimkuta mtangulizi aliyekwisha kuonyesha kwamba maisha ya kisiwa yanaweza kujaza riwaya.

Sifa za Riwaya ya Upelelezi

Kabla ya kuendelea, tuitambue aina yenyewe. Wahakiki wengi huanza historia yake na Edgar Allan Poe wa Marekani, ambaye mwaka 1841 alichapisha hadithi ya mauaji iliyotatuliwa na mhusika Dupin kwa nguvu za akili. Conan Doyle alimtoa Sherlock Holmes mwaka 1887. Agatha Christie akafuata na Hercule Poirot mwaka 1920. Kutokana na kazi hizi tunapata viungo vifuatavyo:

(a) Fumbo. Tendo limetokea, mara nyingi mauaji au wizi, na aliyelitenda hajulikani.

(b) Mpelelezi. Ni mhusika mwenye uwezo wa kuona wanachokipuuza wengine.

(c) Msaidizi. Huuliza maswali ambayo msomaji angependa kuuliza.

(d) Washukiwa. Kila mmoja ana sababu ya kushukiwa, na wengi wana siri isiyohusiana na kosa lenyewe.

(e) Vidokezo. Baadhi ni vya kweli na baadhi hupotosha.

(f) Ufumbuzi. Mwishoni mpelelezi huunganisha vidokezo na kueleza njia aliyoipitia.

Mnamo 1929 Ronald Knox, kasisi na mwandishi wa Uingereza, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Mbili zatuhusu sana. Ya kwanza ni kwamba nguvu za kimiujiza haziruhusiwi kuwa ufumbuzi. Ya pili ni kwamba mpelelezi asimfiche msomaji kidokezo chochote alichokiona. Kwa maneno mengine, mwandishi na msomaji wana mkataba: majibu yote yamo kitabuni, asomaye kwa makini atayapata. Je, si mkataba huohuo uliopo kati ya mtahini na mtahiniwa?

Bwana Msa na Wenzake

Bwana Msa si polisi. Ni raia anayependa mafumbo, mwenye kiko mdomoni na utulivu mwingi kichwani. Kiko hicho kinamwonyesha wazi kuwa binamu wa Sherlock Holmes. Kando yake yupo Najum, rafiki na msaidizi, anayechukua nafasi kama ile ya Daktari Watson. Yupo pia Inspekta Seif, anayewakilisha polisi na sheria. Mpangilio huu wa watatu ni mbinu ya usawiri yenye manufaa. Seif anataka mkosaji. Najum anataka kuelewa. Bwana Msa anataka ukweli. Mtahiniwa anayeulizwa uhusiano wa wahusika anaweza kuanzia hapo. Pia aangalie herufi za kwanza za jina la mwandishi, Muhammed Said Abdulla. Zikiunganishwa zinasomeka Msa.

Hata hivyo, mwanafunzi asikomee kwenye ufanani. Tofauti zina uzito zaidi. Holmes anafanya kazi London, jiji la mamilioni ya watu wasiojuana. Tatizo lake ni kwamba hakuna anayemjua mgeni aliyepita usiku. Ndiyo maana anasoma majivu ya sigara na tope la viatu. Bwana Msa anafanya kazi Unguja, mahali ambapo watu wanajuana kwa majina, kwa koo na kwa ndoa. Tatizo lake ni kinyume: kila mtu anadhani anajua. Kwa hiyo silaha yake kubwa ni mazungumzo. Huketi, husikiliza, huuliza swali dogo, hunyamaza. Wanafunzi husema riwaya hizi zina maneno mengi kuliko vitendo. Wanasema kweli, lakini hiyo si kasoro. Katika jamii ya baraza, ukweli hufichwa ndani ya maneno na sharti utafutwe humohumo.

Mizimu, Wachawi na Akili

Majina ya riwaya mbili za kwanza yalichaguliwa kwa makusudi. Mzimu wa watu wa kale ni mahali pa matambiko, panapoogopwa na kuheshimiwa. Giningi, katika imani za Unguja na Pemba, ni makao ya wachawi, mahali wanapokutana usiku. Katika riwaya ya kwanza tajiri mmoja anauawa na mauaji yake yanahusishwa na mzimu. Watu wana jibu tayari. Mzimu umekasirika. Nani atathubutu kuuliza zaidi?

Abdulla anaonyesha kwamba jibu la aina hiyo lina faida kwa mtu mmoja, naye ni muuaji. Kadiri watu wanavyoogopa mzimu, ndivyo wanavyoacha kutazama nyayo. Hofu inakuwa pazia. Bwana Msa halitukani pazia lile wala hawacheki wanaoliogopa. Anachofanya ni kuchungulia nyuma yake, na nyuma yake anamkuta binadamu mwenye sababu za kibinadamu.

Mbinu hii ina ndugu yake Uingereza. Katika The Hound of the Baskervilles, kilichotoka kama kitabu mwaka 1902, Conan Doyle anaeleza ukoo unaoandamwa na hekaya ya mbwa wa kuzimu. Holmes anagundua kwamba nyuma ya mbwa huyo kuna mtu. Hata hivyo kuna jambo la kushangaza. Doyle mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa mtetezi mkubwa wa imani ya kuzungumza na roho za wafu. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kutetea picha zilizodaiwa kuonyesha viumbe wadogo wenye mabawa. Mwaka 1983 waliopiga picha hizo walikiri kwamba walizighushi kwa vipande vya karatasi. Funzo kwa mtahiniwa ni hili: mhusika si mwandishi. Usiandike kamwe kwamba mwandishi anaamini jambo kwa kuwa tu mhusika wake amelisema. Kila kimoja kinahitaji ushahidi wake.

Kuna wahakiki wanaoweza kuuliza ikiwa Bwana Msa, na kiko chake, si mtu wa kasumba anayedharau imani za wenyeji. Swali hili ni halali na linafaa kujadiliwa darasani. Kwa maoni yangu, Bwana Msa ni mwenyeji anayezungumza na wenyeji wenzake kwa adabu zao. Hashambulii mila, anamshambulia anayejificha nyuma ya mila. Lakini mwanafunzi anayepinga maoni haya apewe nafasi, mradi alete ushahidi kutoka kitabuni.

Kwa Nini Jambo Hili Linatuhusu

Naomba msomaji aniruhusu nieleze tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ya bweni niliyofundisha kabla ya kuja huku Sigalame, fedha za karo za mwanafunzi wa kidato cha pili zilipotea. Kufikia jioni jina la mwizi lilikuwa limeshapatikana. Hakuna aliyemwona akiiba. Sababu zilikuwa tatu: alitoka katika familia maskini, hakwenda uwanjani jioni hiyo, na ilisemekana kwamba nyanyake ana mambo yake ya usiku. Wanafunzi wengine walikuwa wameanza kuchanga pesa ili mganga aitwe. Katika chumba cha walimu nilipoulizwa maoni yangu, nilicheka nikasema, “Lisemwalo lipo.” Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na methali ilinitoka bila kufikiri.

Kijana huyo alipigwa bwenini usiku huo. Asubuhi alichukua sanduku lake akaondoka. Juma la pili, mwenye fedha alikuwa akibadilisha karatasi ya gazeti aliyokuwa ameifunikia kitabu chake cha hisabati. Noti zilikuwa ndani, pale alipozificha mwenyewe akasahau. Tulimfuata yule aliyeondoka hadi kwao. Tuliambiwa amevuka mpaka kwenda kwa mjombake upande wa Uganda. Hakurudi shuleni.

Tangu siku hiyo siisomi Mzimu wa Watu wa Kale kama kitabu cha kupumzikia. Zile sababu tatu zilikuwa vidokezo vya kupotosha, vya aina ileile tunayowafundisha wanafunzi kuitambua katika msuko. Umaskini si ushahidi. Kutokuwepo uwanjani si ushahidi. Nyanya kusemwa si ushahidi. Sisi tuliojua majina ya mbinu zote hizi hatukuuliza, “Mmejuaje?”

Methali, Jamaa na Lugha

Tukio hilo linatupeleka kwenye matumizi ya methali. Lugha ya Abdulla ni Kiunguja kilichokolea, lahaja ambayo mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa mwanafunzi wa Samia, ambaye nyumbani anazungumza Kisamia na barabarani anasikia Kiswahili kilichochanganyika na lugha za pande zote mbili za mpaka, mazungumzo ya wahusika wa Abdulla ni shule ya misemo na adabu za maongezi. Mwalimu anaweza kuteua ukurasa mmoja na kuwataka wanafunzi waorodheshe namna wahusika wanavyoamkuana, wanavyokataa bila kuudhi na wanavyouliza bila kushtaki.

Methali zetu zimegawanyika kuhusu suala la ushahidi. “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja” inaupa uvumi heshima. “Dalili ya mvua ni mawingu” inatuhimiza tusome dalili, ingawa kila mkulima wa Funyula anajua kwamba mawingu mengine hupita ziwani bila kunyesha. “Kikulacho ki nguoni mwako” ni kama kanuni ya riwaya ya upelelezi yenyewe: adui hatoki mbali. Mtahiniwa anayeulizwa jinsi methali zinavyoafiki au kupinga maudhui ana nafasi nzuri hapa.

Methali hii ya mwisho inaafiki mwelekeo wa riwaya za baadaye. Kuanzia Duniani Kuna Watu, fumbo halitegemei tena maiti na muuaji kwa kiasi kilekile. Linasogea kwenye nasaba, ndoa na siri za familia. Swali linakuwa: huyu ni nani hasa, na ni mtoto wa nani? Katika jamii ambayo urithi na heshima hutegemea ukoo, siri ya kuzaliwa inaweza kuumiza kuliko kisu. Nalo jina la riwaya ya 1984, Kosa la Bwana Msa, linamkumbusha msomaji jambo jema: hata mpelelezi mkuu hutajwa pamoja na kosa. Akili isiyokubali kukosea haiwezi kujirekebisha.

Je, ni Riwaya Pendwa Tu?

Kumekuwa na mazoea ya kuziweka riwaya za upelelezi katika kapu la riwaya pendwa na kuziona kama kazi nyepesi. Hali hii ilichangiwa na kazi zilizofuata upande wa bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, ambapo uhalifu unachunguzwa na polisi katika jiji la Dar es Salaam. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi mwenye bastola na safari nyingi. Ben Mtobwa naye alimuumba Joram Kiango, aliyependwa sana na vijana. Kazi hizi zina mbio, mapigano na mahaba, na ziliwafunza maelfu kupenda kusoma Kiswahili. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, Bwana Msa hafukuzani na mtu. Anaposhinda, ameshinda kwa hoja. Kumtupa katika kapu moja na majasusi ni kuhukumu bila kusoma, kosa lilelile ambalo riwaya zake zinalipinga.

Matumizi Darasani

Vitabu teule hubadilika kila baada ya miaka michache. Mbinu ya Bwana Msa haibadiliki. Napendekeza mazoezi matatu.

Kwanza, zoezi la kutazama. Mwambie mwanafunzi aeleze mtu anayemwona njiani kutoka Sigalame kwenda Busia. Mtu amevaa koti zito kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani. Wanafunzi wote watasema ni mwendeshaji wa bodaboda. Uliza, “Mmejuaje?” Watajibu kwamba koti huvaliwa hivyo ili kukinga upepo. Sasa uliza, “Je, anaweza kuwa abiria aliyeazimwa koti?” Hapo mwanafunzi ataona tofauti kati ya uwezekano na uhakika.

Pili, swali la dondoo. Mtahiniwa anapoombwa aeleze muktadha, anatakiwa kutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusema. Hayo ndiyo maswali ya kwanza ya mpelelezi anapofika penye tukio. Mtahiniwa alitazame dondoo kama kitu kilichookotwa: kimetoka kwa nani, kilimwangukia nani, wapi, na kwa nini?

Tatu, kanuni ya hatua tatu katika kila hoja: dai, ushahidi, maelezo. Tutoe mfano kwa Bwana Msa mwenyewe. Dai: ni mtu huru kifikra. Ushahidi: wenyeji wanapohusisha mauaji na mzimu, yeye anaendelea kuchunguza. Maelezo: kitendo hiki kinaonyesha kwamba hakubali jibu kwa sababu tu limekubaliwa na wengi. Jibu lenye hatua hizi tatu halimwachi mtahini na swali. Fauka ya hayo, linamzoesha kijana kutotoa hukumu kabla ya kuonyesha msingi wake.

Hitimisho

Muhammed Said Abdulla aliandika riwaya saba kwa muda wa miaka isiyozidi 25. Aliirithi aina ya fasihi kutoka ng'ambo, akaipa kanzu, baraza, methali na kisiwa chake, kisha akaitumia kuuliza swali ambalo jamii zetu bado zinalihitaji. Mwalimu anayemfundisha, hata kama hayumo katika orodha ya vitabu teule, atakuwa akifundisha kusoma kwa makini. Nami ninapowauliza wanafunzi wangu “Mmejuaje?” hadi wachoke, sifikirii mtihani peke yake. Namkumbuka kijana mmoja na sanduku lake, akielekea mpakani asubuhi, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza chochote.

Maswali ya Marudio

1. Kwa kurejelea riwaya yoyote ya Muhammed Said Abdulla, jadili sifa za riwaya ya upelelezi. (alama 20)

2. “Hofu ni pazia la mkosaji.” Thibitisha kauli hii kwa mujibu wa Mzimu wa Watu wa Kale. (alama 20)

3. Linganisha na ulinganue Bwana Msa na mpelelezi mwingine yeyote uliyemsoma. (alama 10)

4. Eleza umuhimu wa msaidizi wa mpelelezi katika ujenzi wa taharuki. (alama 10)